Ujumbe wa Mke wa Mugisho

Kinyaa cha msichana Maombi kilianzia kwenye maikrofoni ya klabu. Ilikuwa nyeusi, imevikwa sponji iliyoshiba pumzi za watu kwa miaka mingi: kahawa, vitunguu, tumbaku ya kutafuna. Kila Alhamisi jioni ilipita kinywa kwa kinywa katika ukumbi wa chini ya kanisa moja kule mji wa Coon Rapids, na ilipomfikia yeye aliishika kwa vidole viwili, akaitenga na midomo yake, kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini.

"Sogea, binti, sogea," Cyrus alimwambia. "Haiumi."

Watu wakacheka. Kila Alhamisi walicheka palepale.

Cyrus alikuwa mwenyekiti wa klabu ya redio za ridhaa, watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, mstaafu wa kampuni ya umeme, Mzungu mrefu mwenye mikono ya upole na suruali iliyoshikiliwa na mikanda ya mabegani. Ni yeye aliyemleta Maombi kwenye redio. Majira ya baridi moja alikuja shuleni kwao na sanduku lake, akaliweka juu ya meza ya maabara, akalichomeka, na sauti ya kwanza iliyotoka haikuwa ya mtu. Ulikuwa ule mkwaruzo wa hewa tupu, kama mchele unaopetwa mbali. Wanafunzi wengine waliendelea na simu zao. Maombi alisimama. Aliijua sauti ile kabla hajakumbuka aliijulia wapi.

Cyrus akamwona amesimama. Baadaye akampa redio yake ya zamani, akamfundisha hadi akafaulu mtihani wa leseni na kupewa jina lake la hewani, herufi na tarakimu ambazo hakuna mwingine duniani aliye nazo. Akamrudisha nyumbani kwa gari usiku wa theluji bila kudai chochote. Hayo yote ni kweli na ni lazima yasemwe. Kinyaa cha mtu mbaya ni chepesi, mtu hutema akaenda zake. Cha mtu mwema hukwama kooni.

Nyumbani kwao kulikuwa mtaa wa Frogtown, mjini Saint Paul, ghorofa ya tatu, nyuma ya mgahawa uliotoa harufu ya mchuzi wa samaki tangu asubuhi. Waliishi wawili, Maombi na mama yake Bernardine, waliofika kutoka kambini Nyarugusu, na kabla ya kambi kutoka milima iliyo juu ya ziwa Kivu. Bernardine alifanya kazi ya kufua na kukunja mashuka katika hospitali moja huko huko Coon Rapids. Maombi alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Chuo kikuu kilikuwa kimemkubali asome uhandisi wa umeme, lakini msaada wa serikali haukufika mwisho wa ada, na pengo lililobaki lilikuwa pana kuliko ambavyo mshahara wa Bernardine ungeweza kuliziba. Klabu ya Cyrus ilikuwa na skolashipu kwa kijana mmoja kila mwaka, mwenye leseni ya redio na insha nzuri. Ndiyo iliyobaki. Ikikosekana, chuo kikuu kilikosekana.

Insha ya kwanza ya Maombi ilihusu kamba ya nguo.

Mwenye nyumba alikuwa amekataza antena, kwa hiyo Maombi alisokota waya mwembamba wa shaba ndani ya kamba ya kuanikia nguo kwenye kibaraza cha nyuma, akaifunga kutoka nguzo hadi nguzo, na mama yake akaendelea kuanika vitenge vyake juu yake bila mtu yeyote kushuku. Ikawa hivi: nguo zikiwa mbichi, sauti za mbali zilidhoofika na kupotea njia. Zikikauka, sauti zilirudi. Na zikiganda kwa baridi ya Januari hadi kuwa ngumu kama mbao, sauti zilitoka safi ajabu.

"Mama, leo umenifungia Iowa," Maombi alikuwa akisema sauti za jimbo lile la jirani zilipopotea, akivua vyombo vya masikio vya kusikilizia.

"Weye ukitaka Iowa, fua weye," Bernardine alijibu.

Aliandika hayo. Aliandika namna alivyopima, alivyokosea, alivyobadilisha urefu wa waya, na namna alivyojifunza kuisoma hewa kwa kutazama ufuaji wa mama yake. Alipenda kila sentensi.

Peris aliisoma jikoni kwao akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa Mkenya, muuguzi katika hospitali ile ile, aliyempa Bernardine lifti kila siku kwa sababu kule Coon Rapids mtu asiye na gari ni kama asiye na miguu. Watoto wake wote walikuwa wamesomeshwa na skolashipu, na kila familia ya Waafrika waliyoijua ilimpelekea insha zake kama wanavyompelekea fundi gari bovu.

"Hii ni nini?" Peris aliuliza. "Nguo za kuanikwa? Maombi, una-apply skolashipu ama unatafuta kazi ya dobi?"

"Ni antena, Anti. Nimeitengeneza mimi."

"Najua ni antena. Hawa wazee wako na antena kwa garage mpaka zimeshika kutu. Wewe uko na kitu hawana. Uko na story. Mama yako alishika redio vitani! Hiyo ndiyo u-sell."

Bernardine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulisimama.

"Peris, hiyo haiko ya kuuzisha."

"Mama Maombi, hapa kila mtu anauza. Kijana wangu wa kwanza aliandika juu ya ugonjwa wangu wa sukari. Alilia kwa hiyo insha mpaka mimi mwenyewe nikajihurumia. Akasoma, akamaliza. Na sukari bado ninayo, haijapungua hata kijiko."

Bernardine alicheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka, akaendelea kutwanga.

Jambo ambalo Peris alilijua nusu, Maombi alilijua zima. Kabla ya vita kuwafukuza, Bernardine alikuwa mwendeshaji wa foni. Ndivyo wanavyoiita kule milimani redio ya mawimbi mafupi iliyokaa katika chumba kidogo ubavuni mwa parokia, yenye betri ya gari na paneli ya jua. Simu hazikuwapo. Mtu aliyekuwa na neno la kumwambia ndugu yake upande wa pili wa msitu alikuja, akangoja kwenye benchi, na Bernardine akamsemea. Na kwa kuwa hewa haina mlango, kila neno lilisikika katika parokia zote zilizofungua foni saa ile, na katika kambi za askari, na katika nyumba za wafanyabiashara wa dhahabu.

Kwa hiyo waendeshaji walikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Katika foni mtu hafi. Huzidiwa. Akifa mtu, ujumbe ulisema: mwambieni fulani aje haraka, mgonjwa amezidiwa. Mwendeshaji aliyepokea alijibu, nimepokea, nitampelekea. Akafunga mashine. Akaenda kwa miguu hadi nyumba ya mwenye ujumbe, akamkalisha chini, akampa maji, akahakikisha kuna jirani nyuma yake wa kumdaka. Hapo ndipo kifo kiliposemwa, kwa sauti ya mtu mbele ya mtu. Kukisema hewani kulikuwa sawa na kumvua marehemu nguo sokoni.

Siku moja iliita parokia ya mbali. Mwendeshaji wake aliijua vizuri sauti ya Bernardine. Walikuwa wamepelekeana mazao, ndoa na watoto wachanga kwa miaka, hawajawahi kuonana uso kwa uso.

"Mama Bernardine," alisema. "Nina ujumbe wa mke wa Mugisho."

Mugisho alikuwa mume wa Bernardine mwenyewe. Alikuwa ameondoka na mzigo wa sabuni na chumvi.

"Nakusikia," alisema Bernardine.

"Mwambie aje haraka. Mgonjwa amezidiwa."

Hewa yote ilikuwa inasikiliza. Bernardine akasema, "Nimepokea. Nitampelekea."

Akafunga mashine. Akatoka, akazunguka kanisa, akashuka njia ile aliyokuwa akiishuka na ujumbe wa wengine, akafika kwake, akachota maji, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akajipelekea ujumbe. Maombi alikuwa akicheza hapo uani. Anachokumbuka ni kikombe: mama alikishika kwa mikono miwili, na hakunywa.

Ndicho kitu ambacho Peris alitaka kiuzwe.

Walipatana kwa sentensi moja. Maombi angeacha kamba yake ya nguo, na mwishoni angeongeza: *Mama yangu aliendesha redio wakati wa vita, na siku moja ujumbe uliopita mikononi mwake ulimhusu baba yangu.*

"Basi hapo," Peris alisema akichomeka kidole kwenye skrini. "Usiongeze. Waonjeshe tu. Waache na njaa, watakuita wenyewe."

Maombi aliisoma sentensi ile, na mate yakamjaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika. Akaituma.

Wakamwita.

Siku ya mahojiano klabu iliandaa chakula cha pamoja, na mwaliko ulimtaka kila mgombea aje na mzazi wake. Kwa Bernardine waliongeza: tafadhali lete kitu cha kwenu. Alipika sombe kwa mawese na samaki wadogo wakavu, sufuria nzima, akaibeba mapajani ndani ya gari la Peris akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Ukumbini ikawekwa kati ya bakuli la viazi baridi na kitu cha kijani kinachotikisika kilichozikiwa karoti ndani. Watu waliikaribia sufuria, wakainama, wakaipiga picha. Mwanamke mmoja alisema inapendeza sana, akachukua viazi.

"Hata mumoja?" Bernardine alinong'ona.

"Watakula, Mama."

"Iko naingia baridi."

Insha za wagombea zilikuwa zimebandikwa ukutani. Maombi aliwatazama wanaklabu wakipita na sahani zao. Kwenye yake, macho yao yaliruka kamba, waya na vipimo, yakatua chini, kwenye sentensi ya Peris, na hapo vinywa viliacha kutafuna. Kisha walimgeukia mama yake. Walimtazama kama walivyoitazama sufuria.

Wagombea walikuwa wawili. Mwingine alikuwa msichana wa mji wa Savage, mwenye mabaka ya jua usoni, aliyekuja na baba yake fundi wa maghala ya mtoni. Mahojiano yalirushwa hewani, kupitia mnara wa klabu, ili wanachama wa jimbo zima wasikie. Msichana wa Savage aliulizwa kuhusu antena yake ya mabomba ya plastiki: urefu wake, nguvu inayopotea ndani yake, kwa nini alichagua pembe ile. Aliulizwa swali gumu, akakosea, akajisahihisha, wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Maombi alimwonea wivu mkali. Alikuwa na majibu ya maswali yote yale, na mawili yalikuwa mazuri kuliko ya yule msichana.

Ikaja zamu yake. Cyrus akashika maikrofoni, na sauti yake ikalainika kama ya mhubiri anayekaribia sadaka.

"Maombi," alisema. "Tuambie kuhusu vita."

Alisema maneno machache, ya jumla. Akajaribu kurudi kwenye antena. Cyrus akamruhusu sentensi moja, kisha akainua mkono.

"Usiku wa leo tuna heshima kubwa. Mama yake yuko nasi."

Haikuwa imesemwa kwamba Bernardine angeongea. Lakini kiti kilikwisha kuvutwa, na mtu alikuwa na kamera, na mwingine akamvisha vyombo vya masikio juu ya kilemba chake. Havikuwa vimechomekwa popote. Waya wake ulining'inia hadi sakafuni.

"Ni kwa ajili ya picha tu," Cyrus alimwambia Maombi kwa upole. "Sasa muulize. Ujumbe ule, kuhusu baba yako. Ulisemaje? Kwa maneno yenyewe. Kwa lugha yake."

Akaiweka ile sponji kwenye midomo ya Bernardine.

"Banataka nini?" mama aliuliza.

"Wanataka ujumbe wa Baba. Kama ulivyosemwa." Maombi alikuwa amebana meno. "Mama, unaweza kukataa. Twende nyumbani."

Bernardine aliitazama ile maikrofoni. Kisha akatazama taa nyekundu kwenye mashine, iliyoonyesha kwamba hewa iko wazi. Mtu aliyeifanya kazi ile miaka yote hakuhitaji kuambiwa maana yake. Alinyoosha mgongo. Sauti iliyotoka Maombi alikuwa hajaisikia tangu utotoni: ya juu kidogo, ya polepole, kila neno limeachiwa nafasi.

"Mwambieni mke wa Mugisho aje haraka. Mgonjwa amezidiwa."

Ukumbi ulinyamaza. Maombi akatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Cyrus alikuwa na machozi.

"Na je," aliuliza, "alipona?"

"Anasema nini?" Bernardine aliuliza.

"Anauliza kama alipona."

Mama alimtazama Cyrus kwa muda. Ndivyo alivyotazama mashuka fulani kule kazini, yale anayoyanyanyua kwa ncha za vidole kabla ya kuvaa glavu.

"Mwambie ujumbe ulifika."

Maombi alijua kilichokuwa mezani. Sentensi moja fupi, kwamba baba alikuwa amekwisha kufa, na skolashipu ingekuwa yake pale pale, ukumbi mzima ungelia. Aliinamia maikrofoni.

"Mama anasema ujumbe ulifika."

 Wakapiga makofi, wakasimama, na Cyrus akaipokea maikrofoni na kuliambia jimbo zima kwamba hii ndiyo sababu tunafanya haya, marafiki, redio huokoa maisha.

Kwenye gari Bernardine alifungua sufuria yake iliyojaa na kuifunga tena.

"Ule muntu alielewa nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

Peris, akiwa ameshika usukani, alikuwa akitabasamu peke yake. "Mlikuwa fire," alisema. "Hiyo pesa ni yenu."

Kweli ikawa yao. Cyrus alipiga simu mwenyewe. Bernardine aligeuka geuka jikoni akiimba wimbo wa Kishi, lugha ya milimani kwao, Maombi akacheka hadi akakaa sakafuni, na kwa siku chache kinyaa kilitulia kama matope chini ya ndoo.

Kisha jarida la klabu likatokea kwenye tovuti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Bernardine na vyombo vya masikio visivyochomekwa, macho yameelekezwa chini, kwenye taa. Juu yake: *Redio Iliyomwokoa Baba.* Maombi aliisoma akiwa amesimama, kisha akamsomea mama yake kwa Kiswahili, maana Bernardine alidai. Ilisema kwamba katika vita vya Kongo mwanamke jasiri alipokea ujumbe kuhusu mume wake mgonjwa. Ilisema kwamba kwa sababu ya redio alifikiwa kwa wakati. Ilisema kwamba leo familia iko pamoja Saint Paul, salama, na binti yao anakwenda chuo kikuu. Chini kulikuwa na kitufe cha kuchangia.

Cyrus hakuwahi kuuliza baba yuko wapi. Katika safari zote zile za kumrudisha Maombi nyumbani, pengine alidhani baba ni mtu wa kazi za zamu.

Bernardine alikuwa akiosha vikombe. Akatema mate kwenye sinki, akayasukuma na maji.

"Bamemufufua," alisema. "Baba yako bamemufufua, bakamuweka hapa Saint Paul. Sasa iko wapi? Aje ale."

"Mama, nitaikataa hiyo pesa."

"Miye sijasema ukatae. Masomo iko yako." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Ule mzee hajui kama kuna msiba. Alisikia ujumbe, lakini hakuna mutu alimupelekea nyumbani. Kosa iko yetu. Mupelekee."

Peris alimpeleka, akilalamika njia nzima.

"Umeshinda, unaenda kuharibu. Mimi naona hivi: wamesema baba alipona, mshukuru Mungu, nyamaza, soma. Ukimaliza, uwaambie amekufa sasa."

"Anti."

"Ni joke. Nusu joke." Alizima gari mbele ya nyumba ya Cyrus, iliyokuwa na mnara wa chuma mrefu kuliko miti. "Nitangoja hapa. Sitaki kuona."

Cyrus alifurahi kumwona. Alimwingiza katika chumba cha redio, akaanza kumwonyesha kitu kipya alichonunua. Maombi akamwomba aketi. Akamwomba glasi ya maji, na alipoileta, akamrudishia mkononi.

"Ni yako," alisema. "Kaa, tafadhali."

Mzee akakaa, kashika glasi, hajui acheke au vipi. Hakukuwa na jirani wa kusimama nyuma yake, kwa hiyo Maombi alivuta kiti chake karibu. Akamwambia. Kwamba baba yake anaitwa Mugisho. Kwamba aliuawa njiani na mzigo wake wa sabuni. Kwamba kwao mtu hatangazwi hewani kuwa amekufa, husemwa amezidiwa, na anayepokea huja nyumbani kama alivyokuja yeye sasa. Kwamba mama yake alipokea ujumbe wa kifo cha mume wake mwenyewe na hewa yote ikisikiliza, akajibu kama mwendeshaji, kisha akatembea kwenda kujiambia.

Cyrus aliweka kiganja kinywani. Macho yake yalijaa. Kwa kitambo Maombi alihisi kwamba ujumbe umefika.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, Maombi. Kwa nini hamkusema hewani?"

Maombi alikisogeza kiti chake nyuma.

"Unaelewa ingekuwa nini? Ule ukimya. Halafu hilo." Alikuwa amekwisha kuinuka, maji yakimwagika vidoleni, akitazama mashine zake. "Mama yako angekubali tena? Si lazima ukumbini. Tunaweza kurekodi hapa, mimi na nyinyi tu. Anajibu, 'Nimepokea, nitampelekea.' Yesu. Watu hawangeweza kupumua."

Maombi alisikia mate yakimjaa tena. Alitazama viganja vile vya upole vilivyowahi kufuta theluji kwenye kioo cha gari ili yeye aone njia, na alitamani vingekuwa vya mtu mwingine, mtu wa kuchukiwa kwa raha.

"Iondoeni ile habari," alisema. "Kwenye tovuti. Iondoeni yote, na picha ya mama."

"Tutairekebisha. Tutaandika ukweli, na ukweli ni bora zaidi..."

"Hapana. Msiandike. Iondoeni."

Cyrus akakaa. Sasa aliongea kama mwenyekiti. "Sikiliza. Watu wamechanga kwa sababu ya habari ile. Kamati ilipiga kura kwa sababu yake. Nikisema haikuwa kweli, na sina nyingine ya kuweka mahali pake, kamati italazimika kukaa upya."

"Ikae upya."

"Unaweza kuikosa, binti."

"Kamba yangu ya nguo ni kweli," Maombi alisema. "Ikae na hiyo."

Alitoka. Kwenye bustani, chini ya mnara, alitapika kidogo, kwa adabu, kando ya maua. Peris alimfungulia mlango, akamtazama, akafungua mkoba, akampa kitambaa na peremende.

"Basi," alisema. Alipowasha gari akaongeza: "Na mimi ile sentensi yangu ilikuwa mbaya. Nilijua ni mbaya."

Habari iliondolewa, hilo klabu ilifanya. Kamati ikakaa, ikampa skolashipu msichana wa Savage. Katika jarida lililofuata kulikuwa na mstari mmoja uliosema mgombea wa kwanza amejitoa kwa sababu za kifamilia. Kwa Maombi walituma kikombe chenye nembo ya klabu, kwa kushiriki. Bernardine alikigeuza geuza, akakiweka kando ya sinki, na ndani yake akatia steelwool ya kusugulia sufuria. Kipo hapo hadi leo, na kutu imekipaka pete ya kahawia ndani.

Maombi hakwenda chuo kikuu mwaka ule. Alijiandikisha katika chuo cha jumuiya cha ada nafuu hapo Saint Paul, masomo machache ya umeme jioni, na mchana alikunja mashuka Coon Rapids meza moja na mama yake. Jioni za Alhamisi alifungua redio yake, na sauti ya Cyrus ilipotokea, nene na ya ukarimu, akiwakaribisha wote, alipunguza sauti hadi wengine waanze. Hakuzima. Hewa haikuwa ya Cyrus.

Alhamisi moja ya Novemba, wengine walipokwisha kuaga, alisikia jina lake la hewani likiitwa na sauti changa. Ilikuwa dhaifu, inakuja na kupotea. Alikuwa msichana wa Savage.

"Nilisoma insha yako pale ukutani," alisema. "Ile ya kamba. Nimejaribu hapa kwetu, haifanyi kazi. Nilitaka kukuuliza wakati ule, lakini hakuna aliyeuliza. Zikiwa mbichi unafanyaje?"

Maombi alibonyeza kitufe cha kusemea, akaachia. Sauti ya yule msichana ilizama kabisa kwenye mkwaruzo. Akageuka kutazama kibarazani. Mama yake alikuwa ameanika muda huo huo, vitenge vitatu na mashuka, vyote vinachuruzika.

"Ananiuliza kuhusu nguo, Mama," alisema. "Simsikii."

"Nani?"

"Msichana wa Savage. Anauliza nguo zikiwa mbichi nafanyaje."

Bernardine alivaa koti juu ya kanga yake, akafungua mlango wa kibaraza, baridi ikaingia jikoni. Akaanza kuanua, kimoja kimoja, akivitupia begani, maji yakimtiririka mgongoni.

"Mwambie unaita mama yako," alisema.

Kamba ikawa tupu. Sauti ya msichana ikapanda, ikasimama wima, kama iko chumbani.

"Nakusikia," Maombi alisema. "Chukua kalamu, nikuambie."